Mbiu ya Kipindi: Kazi ya Ronnie Hazlehurst na Muziki wa Utambulisho Katika Redio Zetu

1. Utangulizi

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameikariri, inaeleza kwa maneno sita jambo ambalo wataalamu wa elimu ya ishara wameliandikia vitabu vizima: kwamba ipo sauti isiyo na maneno ambayo kazi yake ni kufungua masikio yapokee maneno yatakayofuata. Pembe ya nyati iliyopulizwa katika miji ya pwani haikutaja tangazo lenyewe. Ilisema tu kwamba tangazo lipo, kwamba limetoka kwa mwenye haki ya kulitoa, na kwamba anayesikia asimame.

Redio na televisheni zimeirithi kazi hiyo ya pembe. Kabla ya taarifa ya habari, kabla ya mchezo wa kuchekesha, kabla ya mazungumzo ya wakulima, husikika muziki mfupi wa nusu dakika au chini yake. Muziki huo hurudiwa kila siku au kila juma hadi watoto wakaupiga kwa mluzi wakichunga mbuzi. Hata hivyo, ukimwuliza msikilizaji jina la aliyeutunga, hana la kujibu. Huu ndio muziki unaosikiwa na watu wengi kupita muziki mwingine wowote, na ndio ambao watunzi wake hawajulikani kabisa.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza kazi ya mtunzi mmoja wa Kiingereza, Ronnie Hazlehurst, aliyeutumia umri wake kutunga muziki wa aina hiyo kwa michezo ya kuchekesha ya televisheni ya BBC. Pili, kupima kama njia alizozitumia zinaweza kutufaa sisi wasemaji wa Kiswahili na wa lugha nyingine za kando ya Ziwa Tanganyika. Tatu, kuuliza swali ambalo haliwezi kukwepwa: mtunzi wa mbiu hizi ana haki gani ya kutajwa na kulipwa? Swali hilo linazihusu moja kwa moja redio zinazosikika katika vijiji vya bonde la Ruzizi, kama vile Lubarika, Luvungi na Katogota.

2. Istilahi

Hapana budi tuanze na jina. Wasikilizaji wa Uvira na Bukavu, kwa kuazima Kifaransa, husema «endikatifu» au «jeneriki». Maneno hayo yanaeleweka, lakini hayazai: mtu hawezi kuyanyambulisha wala kuyatumia katika shairi bila kuchekwa. Wengine husema «kibwagizo». Neno hilo ni zuri, ila lina kazi yake tayari katika ushairi, ambako ni mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Mbiu ya redio hairudiwi ndani ya kipindi; hukitangulia na kukifunga. «Muziki wa utambulisho» ni istilahi sahihi, lakini ni ndefu, nayo hueleza bila kutaja.

Kwa sababu hizo tunapendekeza «mbiu ya kipindi». Neno «mbiu» limebeba maana zote tatu zinazotakiwa: ni sauti, ni ishara, na ni ya hadhara. Tutalitumia hivyo katika makala haya, huku tukiacha mlango wazi kwa mwenye neno bora zaidi.

3. Mtu na kazi yake

Ronnie Hazlehurst alizaliwa tarehe 13 Machi 1928 katika mji wa Dukinfield, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, eneo lililoishi kwa viwanda vya kusokota pamba. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akawa karani katika kiwanda cha pamba kwa mshahara wa pauni moja kwa juma. Wazee wa bonde la Ruzizi, ambao wanaikumbuka pamba ya enzi ya ukoloni kwa upande wa jembe na gunia, watatambua maisha ya aina hiyo: kazi ni nyingi, malipo ni haba, na kijana mwenye kipaji hutafuta njia ya kutokea. Njia ya Hazlehurst ilikuwa tarumbeta. Alijiunga na bendi ya dansi iliyomlipa pauni nne kwa juma, na alipoitwa jeshini kati ya mwaka 1947 na 1949 alipiga muziki katika bendi ya kikosi chake.

Mwaka 1961 aliajiriwa na BBC akiwa mpangaji wa muziki, na mwaka 1968 akafanywa mwongozaji wa muziki wa idara ya burudani. Kuanzia hapo orodha ya vipindi alivyovitungia au kuvipangia muziki ni karibu sawa na historia ya uchekeshaji wa televisheni ya Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980: «The Two Ronnies», «Are You Being Served?», «Some Mothers Do 'Ave 'Em», «Last of the Summer Wine», «The Fall and Rise of Reginald Perrin», «To the Manor Born», «Yes Minister» na vingine vingi. Aidha, aliongoza muziki wa Mashindano ya Nyimbo ya Eurovision yalipofanyika Uingereza katika miaka ya 1974, 1977 na 1982. Mwaka 1977, alipoongoza okestra kwa ajili ya wimbo wa nchi yake, alivaa kofia ya makarani wa London akatumia mwavuli uliokunjwa badala ya kijiti cha mwongozaji. Mzaha haukuwa mbali naye hata alipokuwa mbele ya Ulaya nzima. Alifariki katika kisiwa cha Guernsey tarehe 1 Oktoba 2007.

4. Njia nne za kutunga mbiu

Tukizichunguza mbiu za Hazlehurst kama tunavyochunguza matini, tunaona kwamba hakutunga nyimbo nzuri akazibandika juu ya vipindi. Kila mara aliuliza kwanza: kipindi hiki kinahusu nini, na ni sauti gani iliyomo ndani yake tayari? Majibu yake tunaweza kuyagawa katika njia nne.

Njia ya kwanza ni kuchukua sauti ya mahali. «Are You Being Served?», kilichoanza kwa onyesho la majaribio mwaka 1972 na kuendelea hadi 1985, kinasimulia wauzaji wa duka kubwa la ghorofa nyingi. Hazlehurst hakuanza na fidla wala tarumbeta. Alianza na mlio wa mashine ya fedha ya dukani, ile inayokereza na kugonga kengele droo inapofunguka, akaufanya kuwa mapigo ya muziki. Juu ya mapigo hayo sauti ya mwanamke hutangaza, kama itangazavyo lifti, bidhaa zinazopatikana katika kila ghorofa. Kabla mchezaji yeyote hajaonekana, mtazamaji amekwisha kuingia dukani.

Njia ya pili ni kuazima alama iliyokwisha kujulikana. «Yes Minister», kilichoandikwa na Antony Jay na Jonathan Lynn na kuanza kuonyeshwa mwaka 1980, ni kejeli juu ya waziri anayedhani anatawala, kumbe anatawaliwa na makatibu wake. Kwa mbiu yake Hazlehurst alichukua milio ya kengele za saa kubwa ya bunge mjini London, ile ambayo wasikilizaji wa BBC duniani kote wameizoea. Milio hiyo ni alama ya dola, ya utulivu na ya mambo yasiyobadilika. Mtunzi aliinyumbua, akaizungusha, akaifanya iende mwendo wa madaha uliopita kiasi. Kejeli yote imo humo: alama ni ya serikali, lakini inatembea kama mtu anayejiona. Wanafunzi wa fasihi watatambua mbinu hii, kwani ndiyo ile ya mshairi anayechukua methali ya wazee akaigeuza kidogo ili iseme kinyume chake.

Njia ya tatu ni maandishi yaliyofichwa. «Some Mothers Do 'Ave 'Em», kilichoanza mwaka 1973, kilimhusu Frank Spencer, kijana mwema asiyeweza kugusa kitu bila kukivunja. Jina la kipindi ni msemo wa mitaani wenye maana ya kwamba wapo akina mama waliojaliwa mtoto wa namna hiyo. Hazlehurst aliwapa filimbi mbili ndogo za okestra, ziitwazo pikolo, kazi ya kulitamka jina hilo kwa alfabeti ya Morse, ile ya telegrafu, ambamo kila herufi ni mpangilio wa nukta na vistari. Herufi S ni nukta tatu, O ni vistari vitatu, M ni vistari viwili, na E ni nukta moja. Hivyo neno la kwanza la jina hilo hugeuka kuwa milio mitatu mifupi, mitatu mirefu, miwili mirefu na mmoja mfupi, na mengine hufuata vivyo hivyo.

Msomaji atauliza: nani aliyelisoma jina hilo kwa masikio? Bila shaka ni wachache mno. Basi faida yake ni nini? Kwa maoni yetu, faida iko katika mwendo. Muziki wa kawaida hugawanyika katika vipande vilivyo sawa, kama mistari ya shairi lenye mizani kamili. Maneno yaliyoandikwa kwa Morse hayana usawa huo: mara mafupi matatu, mara refu moja, mara kimya. Filimbi zinazoyafuata hujikwaa, husimama, hukimbia tena. Hivyo ndivyo Frank Spencer anavyotembea. Mtazamaji hasomi herufi, lakini anasikia mtu anayejikwaa. Siri ya mtunzi haikuwa pambo, bali chombo cha kumpatia mwendo ambao asingeupata kwa kukaa mbele ya kinanda akisubiri ilhamu.

Njia ya nne ni kusema hali ya moyo, hata inapopingana na kicheko. «Last of the Summer Wine», kilichoandikwa na Roy Clarke, kilikuwa na wazee watatu wasio na kazi wanaozurura katika vilima vya Yorkshire wakifanya utundu wa watoto. Kilianza mwaka 1973 na kumalizika mwaka 2010. Hazlehurst alikitungia muziki wa polepole, wenye kinanda cha mdomo kilichopigwa mwanzoni na Harry Pitch. Wakubwa wa BBC hawakuridhika: waliona kwamba mchezo wa kuchekesha hauwezi kuwa na muziki mtulivu namna ile, wakamtaka aupige kwa kasi ili uchekeshe. Mwishowe ule wa polepole ndio uliokubaliwa. Tunaweza kuona kwa nini ulistahili. Muziki wa kasi ungesema, «watazameni wazee hawa wapumbavu.» Muziki wa polepole unasema kwamba jua linakuchwa na wazee hawa wanalijua hilo, na ndiyo maana wanacheza. Kicheko kinachotoka hapo ni kizito zaidi.

Kazi yake katika kipindi hicho haikuishia kwenye mbiu. Kwa kila onyesho alitumia takribani saa kumi akitazama picha na kuandika mahali pa kuingiza vipande vya muziki, kisha akavitungia kundi dogo la wapigaji: gita, kinanda cha mdomo, fidla za ukubwa mbalimbali, akodiani, baragumu, filimbi na ngoma. Saa kumi kwa onyesho la nusu saa! Wale wanaodhani kwamba muziki wa kuchekesha ni kazi ya kuchekesha na wapime hapo.

5. Je, mbiu inaweza kusema? Toni na mkazo

Njia ya tatu inamgusa hasa mwanaisimu, na sisi wa Kongo tuna la kusema juu yake, kwa sababu katika nchi hii ala za muziki zilikuwa zikitamka maneno tangu kabla ya Morse kufika.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza lugha ya ngoma ya Walokele na kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949, «Talking Drums of Africa». Aliyoyaeleza ni haya. Lokele ni lugha ya toni: neno hutofautishwa na neno jingine kwa sauti kupanda au kushuka. Ngoma ya gogo lililochimbwa ina sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo inaweza kuiga toni za neno bila kutamka konsonanti wala irabu. Taabu ni kwamba maneno mengi yana toni zilezile. Ili kuondoa utata, mpigaji halitaji neno peke yake, bali huliongezea fungu la maneno lililozoeleka: mwezi huwa ni mwezi utazamao ardhi kutoka juu, na kuku huwa ni yule mdogo wa kulia kiokio. Ngoma hurefusha ili ieleweke.

Tofauti na Morse iko wazi. Morse huiga maandishi. Ngoma huiga usemi. Asiyejua kusoma hawezi kamwe kuifahamu Morse, lakini Mlokele asiyejua kusoma aliifahamu ngoma vizuri kuliko mwalimu wa shule. Mbiu ya Hazlehurst ilificha jina; mbiu ya Kilokele ingelitangaza.

Basi sisi je? Kifuliiru, lugha ya wenyeji wa Lubarika na sehemu kubwa ya bonde la Ruzizi, ni lugha ya toni kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu. Kwa nadharia, mtunzi anayekijua vizuri anaweza kuchukua jina la kipindi cha Kifuliiru na kulifanya kuwa tuni ambayo msemaji ataisikia kama jina lenyewe. Tena hatahitaji kurefusha kama mpiga ngoma wa Yakusu, kwa sababu mtangazaji atalitamka jina mara baada ya muziki, na baada ya siku chache muziki na jina vitakuwa kitu kimoja.

Kiswahili hakina toni za kutofautisha maneno. Kina mkazo, nao karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mtunzi wa mbiu ya Kiswahili hawezi kutegemea kupanda na kushuka kwa sauti. Atategemea mizani na pigo. Tuchukue majina mawili ya kubuni. «Habari za Bonde» ina mizani sita, na mkazo uko katika ya pili na ya tano: ha-BA-ri za BO-nde. Mbiu yake inafaa ianze na noti moja nyepesi kabla ya pigo zito. «Soko la Lubarika» ina mizani saba, na mkazo uko katika ya kwanza na ya sita: SO-ko la lu-ba-RI-ka. Mbiu yake itaanza kwa pigo zito papo hapo, ifuate mbio ya noti nne nyepesi, kisha itue. Mpiga gita akibadilisha tuni hizo, ya kwanza akaipa jina la pili, hata msikilizaji asiyejua lolote juu ya fonolojia ataona kwamba kuna kitu kimekwenda kombo, ijapokuwa hataweza kukitaja.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyejifunza kuhesabu mizani katika somo la ushairi tayari anacho chombo cha kwanza cha mtunzi wa mbiu. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wanafunzi wetu mara nyingi huuliza elimu ya mizani itawafaa nini baada ya mtihani.

6. Ngoma za Mzee Morris

Afrika ya Mashariki haikosi mfano wake mkubwa. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilitanguliwa na ngoma za Morris Nyunyusa, maarufu kwa jina la Mzee Morris, mpiga ngoma kipofu aliyekuwa akipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Sauti ya redio hiyo ilivuka Ziwa Tanganyika, na kwa watu wa ng'ambo hii, waliokuwa wakiitafuta usiku kwenye redio za betri, ngoma hizo zilikuwa dalili ya kwanza kwamba mshale umefika mahali pake.

Tukizilinganisha na njia nne za Hazlehurst, ngoma za Mzee Morris zinaangukia karibu na ya pili, ile ya kuazima alama inayojulikana. Ngoma katika Afrika ndiyo chombo cha kuita watu. Redio ya taifa changa ilipoamua kwamba habari zake zitanguliwe na ngoma badala ya tarumbeta za bendi ya kikoloni, ilikuwa inasema jambo juu ya nani anayeita na nani anayeitwa. Lakini iko tofauti moja kubwa. Mwingereza aliichukua alama ya dola akaifanyia mzaha. Mtanzania aliichukua alama ya jamii akaipandisha daraja ikawa ya dola. Katika nchi yenye bunge la karne nyingi, kejeli ni dalili ya afya. Katika nchi iliyokuwa ikijijenga, heshima ndiyo iliyohitajika kwanza. Mbiu moja haiwezi kuhukumiwa kwa kanuni za nyingine.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Mzee Morris ni miongoni mwa wachache sana ambao majina yao yameshikamana na mbiu. Watu wanalitaja jina lake hata leo, ingawa Radio Tanzania yenyewe iliingia katika Shirika la Utangazaji Tanzania mwaka 2007. Hii inathibitisha kwamba kutojulikana kwa watunzi si sheria ya maumbile. Ni matokeo ya uzembe, na uzembe hurekebishika.

7. Jina la mtunzi

Kifo cha Hazlehurst kilileta kisa ambacho chuo kikuu chochote kingepaswa kukifundisha. Mara baada ya kufariki kwake, magazeti kadhaa makubwa ya Uingereza, na hata BBC aliyoitumikia, yaliandika katika taazia kwamba katika uzee wake alishiriki kutunga wimbo «Reach» wa kundi la vijana S Club 7 uliotolewa mwaka 2000. Haikuwa kweli. Wimbo huo ulitungwa na Cathy Dennis na Andrew Todd. Mtu fulani alikuwa ameuingiza uongo huo katika Wikipedia, na waandishi, kwa haraka ya kazi, waliunakili bila kuuliza.

Tazama ajabu yake. Mtu aliyesikiwa na mamilioni kwa miaka 40 alijulikana kidogo kiasi kwamba hapakuwa na mhariri aliyeweza kusema mara moja, «hapana, huyu hakufanya hivyo.» Panapokosekana kumbukumbu, uongo hupata nafasi ya kukaa. Na ikiwa hayo yalimpata mwajiriwa wa BBC, ambaye jina lake liliandikwa kwenye kioo mwishoni mwa vipindi vyake, itakuwaje kwa mpiga gita wa Uvira ambaye jina lake halijaandikwa popote? Televisheni ina kioo cha kuandikia majina. Redio haina. Jina lisilotamkwa redioni halipo.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Redio nyingi za mitaa katika mashariki ya Kongo hazitungiwi mbiu. Fundi wa mitambo huchukua wimbo uliokwisha kutolewa, wa Kinshasa, wa Ufaransa au wa Marekani, akaukata sekunde 20 za mwanzo, akaziweka mbele ya kipindi. Madhara yake ni matatu.

La kwanza ni la utambulisho wenyewe. Wimbo unaopendwa hupendwa na mafundi wote, na redio mbili zikikata wimbo mmoja, mbiu inakuwa haitambulishi tena. Katika nchi iliyotulia hilo ni kasoro ndogo. Katika bonde ambalo uvumi umewahi kuhamisha vijiji usiku, kujua kwa hakika ni redio gani inayosema ni sehemu ya usalama wa watu. Wanaosikiliza Radio Okapi, iliyoanza kutangaza tarehe 25 Februari 2002, wanajua thamani ya sauti inayotambulika: hufika mahali msikilizaji akaamini au akatilia shaka kabla neno la kwanza halijatamkwa.

La pili ni la haki. Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi katika nchi hii, na SOCODA, shirika lililoundwa mwaka 2011 kuchukua nafasi ya SONECA, lina jukumu la kukusanya na kugawa malipo ya watunzi. Wimbo uliokatwa bila idhini ni mali ya mtu, hata kama mwenyewe hatajua kamwe kwamba unachezwa kando ya Ruzizi.

La tatu ni la kuinua vipaji. Vijana wanaopiga gita, likembe na ngoma katika vijiji vyetu hawakosi uwezo. Wanakosa anayewaagiza kazi. Hazlehurst hakuzaliwa mtunzi wa mbiu. Alikuwa karani wa pamba mwenye tarumbeta, na kilichomfanya awe alivyokuwa ni idara iliyomwambia: tunahitaji sekunde 30 kwa siku fulani, na tutakulipa. Redio ndogo haina fedha za BBC, hilo linaeleweka. Lakini gharama ya kumwalika kijana mmoja kwa siku moja, kumlipa kwa kadiri, na kulitamka jina lake hewani kila mwisho wa juma haizidi gharama ya mafuta ya jenereta ya siku hiyo kwa kiasi cha kutisha.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mbiu ya kipindi ni matini fupi yenye kanuni zake. Hazlehurst alitufunulia njia nne: sauti ya mahali, alama ya kuazima, maandishi yaliyofichwa na hali ya moyo. Ngoma za Kongo na lugha zetu za toni zinaonyesha njia ya tano, ambayo yeye hakuwa nayo kwa sababu lugha yake haikumruhusu: kulifanya jina la kipindi liimbe lenyewe. Na Kiswahili, ijapokuwa hakina toni, kinampa mtunzi mizani na mkazo wa kutosha.

Tunapendekeza basi kazi mbili zisizohitaji bajeti kubwa. Mosi, wanafunzi wa idara za Kiswahili na za mawasiliano wakusanye mbiu za redio za mkoa, wakiandika kwa kila moja: ni ya kipindi gani, imetungwa na nani, imepigwa na nani, na kama imekatwa, imekatwa kutoka wimbo gani. Kazi hiyo inafaa kuwa tasnifu, na haraka inahitajika, kwa maana kanda huharibika na mafundi huhama. Pili, kila redio inayopata mbiu mpya ilitamke jina la mtunzi hewani, walau mara moja kwa juma, kama inavyolitamka jina la mfadhili.

Mgambo alipopuliza pembe, watu wa mji walimjua kwa jina. Walijua ni mtoto wa nani na anakaa mtaa gani, na kwa sababu hiyo waliiamini mbiu yake. Redio zetu zimechukua pembe. Inabaki kumtaja anayeipuliza.